Bandari ya Kusi na Bandari ya Kaskazi: Maneno na Desturi za Kutia Nanga katika Pwani ya Waswahili

Siku moja mhubiri mmoja, mtu wa bara aliyeletwa kufanya kazi pwani, alihubiri katika kanisa dogo lililo karibu na bahari. Alisema kwamba Mwokozi wetu ndiye bandari yetu, na ya kuwa chombo kikiisha kuingia bandarini hakina tena la kuogopa. Ibada ilipokwisha alimkuta nje mzee mmoja, nahodha wa zamani, aliyekuja kumngoja mjukuu wake. Mhubiri akamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Mzee akaitikia, “Marahaba, mwalimu,” kisha akauliza kwa upole, “Bandari ile uliyoitaja, ni ya kusi au ni ya kaskazi?”

Mhubiri alidhani anafanyiwa mzaha, akacheka kidogo, akaenda zake. Mhubiri yule ndimi niandikaye. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba swali lile halikuwa mzaha hata kidogo, bali lilikuwa swali la mtu aliyesikiliza hotuba kwa makini kuliko wengi waliokuwamo kanisani. Maana kwa watu wa bahari hakuna bandari iliyo bandari tu. Iko bandari ya upepo huu na bandari ya upepo ule. Iko bandari ya maji yakijaa, ambayo maji yakipwa si bandari tena. Mahali pa utulivu si mahali peke yake, ni mahali pamoja na wakati wake. Nahodha asiyeyajua hayo hupoteza chombo chake, na mwalimu asiyeyajua husema na watu wa pwani maneno wasiyoweza kuyapokea.

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi mabaharia wa pwani yetu, toka visiwa vya Lamu mpaka mto Ruvuma, watafutavyo mahali pa kulaza chombo, na maneno wayatumiayo katika kazi hiyo. Wenzetu wengi hufundisha na kuhubiri karibu na bahari bila kuyajua.

1. Pepo

Neno la kwanza ni upepo. Mwaka wa baharia una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma toka upande wa kaskazini-mashariki, kwa kawaida tangu Desemba hata Machi. Huwa upepo wa jua na anga jeupe. Kusi huvuma toka kusini na kusini-mashariki, tangu Aprili hata Septemba, nao huwa na nguvu kuliko kaskazi, hasa Juni na Julai, na bahari yake huwa nzito. Katikati ya pepo hizo mbili ziko siku ambazo upepo hauna shauri moja: leo huku, kesho kule. Siku hizo huitwa maleleji, na wengine husema tanga mbili, kwa kuwa baharia hajui tanga alielekeze wapi.

Kwa pepo hizo vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja pwani yetu kwa karne nyingi: vilishuka kwa kaskazi, vikarudi kwao kwa kusi. Tena tuangalie jambo moja la lugha. Tusemapo kaskazini na kusini, hata mtoto wa shule aliye mbali sana na bahari huku bara, twataja pepo za mabaharia. Pande za dunia katika Kiswahili zimepata majina yake kwa tanga.

Mbali na pepo hizo kubwa kuna upepo mdogo wa kila siku. Alfajiri hutoka barani upepo mwororo wenye baridi uitwao umande, ukitelemka baharini hata jua lipande. Baadaye upepo wa bahari hushika nguvu mpaka jioni. Nahodha anayefuata pwani hung'oa nanga alfajiri, akatumia umande kutoka nje ya mwamba, na hutaka kuwa ametia nanga tena kabla ya jua kuchwa.

Chombo kikiwa chini ya tanga kina pande mbili. Upande upepo utokako ni goshini. Wengine hutamka joshini. Upande upepo uendako ni demani. Maneno hayo yametoka katika tanga lenyewe, maana goshi ni pembe ya mbele ya tanga, na demani ni kamba ivutayo pembe yake ya nyuma. Kisha hilo neno demani lina maana ya tatu, nayo ni majira ya mwisho wa kusi, toka Agosti hata Novemba, upepo unapopoa na bahari kulala. Kwa hiyo mtu akisema, “Tulikaa demani,” lazima kuuliza: demani ya tanga, demani ya kisiwa, au demani ya mwaka?

Sasa swali la yule mzee laanza kueleweka. Rasi ikitokeza baharini, upande wake wa kaskazini huwa demani wakati wa kusi. Hapo maji hulala, na chombo hukaa kana kwamba kimo birikani. Upepo ukigeuka kuwa kaskazi, mahali pale pale huwa goshini; mawimbi huingia moja kwa moja, na chombo kilichofungwa hapo huvutana na nanga usiku kucha. Ni rasi ile ile, na mchanga ule ule, lakini bandari imehamia upande wa pili.

2. Mwamba na milango

Pwani yetu sehemu nyingi ina ukuta wa mwamba wa tumbawe mbele yake. Nje ya mwamba ni maji makuu. Ndani yake ni maji madogo, matulivu, yenye mchanga na majani. Mwamba ni adui na rafiki pamoja: huvunja vyombo, na huvunja mawimbi. Asiyejua pa kupita huuogopa, na ajuaye huutumia kama boma.

Mahali pa kupita huitwa mlango. Milango haikuwekwa ovyo. Tumbawe ni kazi ya viumbe vidogo visivyopenda maji matamu wala tope. Basi mahali mto unapoingia baharini mwamba hukatika, na mlango huonekana. Kwa sababu hiyo nahodha akiona barani bonde au mstari wa mikoko hutumaini kupata mlango mbele yake. Tena zamani sana, bahari ilipokuwa chini kuliko sasa, mito ilichimba mabonde marefu. Maji yalipopanda, mabonde hayo yakazama, yakawa mahori. Ndivyo zilivyofanyika bandari za Kilifi, Mombasa na Dar es Salaam, ambazo huingia ndani ya nchi na kupinda, hata aliye ndani haioni bahari aliyotoka.

Maneno ya sehemu hizi yastahili kutofautishwa, maana vitabu vyetu vya shule huyachanganya. Mwamba ni jiwe lenyewe. Fungu ni mchanga au mawe yaliyokusanyika yakainuka chini ya maji, kama Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam. Kipwa ni mahali paonekanapo maji yakipwa na kufichwa yakijaa, napo ni pa hatari kuliko vyote. Hori ni mkono wa bahari uingiao barani. Mkondo ni njia ya maji yaendayo mbio. Kilindi ni maji yenye kina kirefu. Liko, au diko, ni mahali pa kushukia vyombo vidogo. Na pwani yenyewe, kama wataalamu wa lugha waonyeshavyo, ni neno la kupwa: ni mahali maji yapwapo.

Aliyejifunza maneno haya husoma majina ya miji kama asomavyo ramani. Kilindini, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ni mahali pa kilindi, na meli kubwa huingia huko hata leo. Likoni, ng'ambo yake, ni mahali pa liko. Kati ya kisiwa cha Manda na bara, karibu na Lamu, pana njia nyembamba iitwayo Mkanda, nayo ni nyembamba kweli kama mkanda. Vyombo huingoja mpaka maji yajae. Wazee walioyatoa majina haya waliwaachia wajukuu maelekezo ya safari katika neno moja moja.

Lakini alama nazo hubadilika. Mbele ya Pangani kiko kisiwa cha Maziwe, ambacho kilikuwa na miti, na mabaharia wakakijua kwa miti hiyo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 miti ilikwisha, na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Ajuaye jina tu, wala asiulize habari za karibuni, atatafuta kisiwa asikione mpaka chombo chake kimekigusa.

3. Kujaa na kupwa

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa muda wa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake katika sehemu nyingi za pwani yetu hukaribia mita 4. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo tofauti yake ni mita 1 hivi. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, ya alasiri na ya usiku wa manane kuelekea alfajiri, na hupwa mnamo saa nne. Mtoto wa mvuvi huyajua hayo kabla ya kujua kusoma saa, kwa maana huutazama mwezi.

Natutoe mfano wa hesabu, nao wafaa hata darasani. Nahodha ameingia mahali asipopajua saa kumi alasiri, siku ya bamvua. Ametia bildi, yaani ile risasi ya kupimia, akapata pima 3. Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, karibu mita 1.8, basi ana maji ya mita 5 na zaidi, naye anaona yanamtosha. Saa nne usiku mita 4 zimeondoka. Chini ya chombo pamebaki maji yasiyofika pima moja, na jahazi lililopakia lagonga. Lakini lau angalifika hapo siku ya maji mafu, angalilala salama mpaka asubuhi. Mahali hapakubadilika wala upepo haukubadilika. Mwezi ndio uliobadilika.

Chombo kilichoachwa na maji husemwa kuwa kimepwelewa. Kupwelewa si lazima kuwe msiba. Vyombo vya wenyeji vilizoea kulala juu ya mchanga kila siku, na vyenye mkuku huwekewa magadi, yaani miti ya kukitegemeza chombo kisilale ubavu. Katika nafasi hiyo mabaharia hukwangua chombo, hutia kalafati na kukipaka deheni. Kwa hiyo wazee walipolisifu liko fulani hawakusifu utulivu wa maji tu, walisifu pia mchanga ulio sawa, usio na mawe. Lakini apwelewaye juu ya tumbawe, na mawimbi yakamkuta hapo, huyo amekwisha.

Wageni wakubwa walifundishwa somo hili zamani. Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama alipopita mbele ya nchi ya Tanga, kabla ya kufika Mombasa, meli yake iitwayo São Rafael ilipanda juu ya mafungu kabla ya alfajiri. Maji yakapwa yakaiacha kavu. Yalipojaa ikaelea tena. Mwanzoni mwa 1499, wakirudi kwao, waliichoma moto karibu na hapo hapo, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha meli zote. Baada ya msukosuko ule wa kwanza hakutaka kuvuka bahari ya Hindi bila rubani, naye alimpata Malindi.

4. Jinsi nahodha apatavyo mahali pa kulala

Sasa tuyakusanye hayo yote katika kazi moja. Nahodha yuko katika pwani isiyo na mji, jua limepinda, na anataka mahali pa kulala.

Kwanza hutazama jua. Hataki kuingia katika mwamba jua likiwa machoni pake, kwa sababu hapo maji yote hung'aa kama bati. Akiwa na jua nyuma au juu ya kichwa husoma rangi: buluu nzito ni kilindi, kijani hafifu ni mchanga wenye maji machache, rangi ya udongo ni tumbawe lililo karibu. Humpandisha kijana mlingotini, naye hupiga kelele kuonyesha njia. Ndiyo sababu nahodha mwenye busara, akichelewa kufika mlangoni hata jua likachwa, hugeuza chombo akalala nje baharini ingawa anauona moto wa kijiji.

Pili hushika alama. Huchagua vitu viwili vya barani, kwa mfano mbuyu mkubwa na kilima kilicho nyuma yake, akaviweka katika mstari mmoja. Vikiwa pamoja yumo njiani. Vikiachana amepotea njia. Alama hizi nahodha hupokea kwa nahodha, na zamani hazikuandikwa po pote.

Tatu hutia bildi mara kwa mara, si kupima kina tu, bali kujua chini pana nini. Risasi hupakwa mafuta mazito ili ichukue kidogo cha kilicho chini. Mchanga ni mzuri, na tope hushika nanga vizuri kuliko vyote, lakini tumbawe ni baya: nanga hunasa isitoke, au makombe yake hayashiki kitu, na kamba hukatwa kwa ncha za mawe. Kwa chombo cha wenyeji nanga ina makombe manne. Ile kubwa ya namna ya kizungu yenye makombe mawili huitwa baura. Kamba yake ni amari.

Nne huhesabu amari. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu nayo hung'oka. Kamba ndefu huilaza chini nayo hushika. Yampasa kutoa urefu wa kina cha maji mara kadhaa, na katika hesabu hiyo aongeze maji yatakayojaa usiku. Kisha huangalia kama kuna nafasi ya chombo kuzunguka pande zote, kwa kuwa umande wa alfajiri utakigeuza kielekee kwingine. Wengi walioamka juu ya mawe walitia nanga vizuri kwa upepo wa jioni, wakasahau ule wa asubuhi.

Mwisho, kabla ya kulala, hutazama alama mbili za ubavuni. Zikisogea, nanga inakokota. Mtu mmoja hukesha.

5. Desturi za bandarini

Chombo kikiisha kutia nanga mbele ya kijiji, desturi hutaka nahodha ashuke na kujieleza kwa wazee: ametoka wapi, anakwenda wapi, ana nini. Hii si adabu tu. Ndipo apatapo maji ya kisima na habari za mlango unaofuata. Mgeni asiyeshuka hutiliwa shaka.

Sehemu nyingine karibu na milango ya hatari pana mapango au makaburi ya watu wema, ambapo mabaharia walitoa sadaka ya ubani au marashi kabla ya kupita. Nawasihi wenzangu wasiharakishe kuyakemea hayo kabla ya kuyaandika. Mara nyingi mahali pa sadaka ni mahali pa hatari ya kweli, ambapo watu walizama, na ile desturi ndiyo iliyomfanya nahodha asimame, angoje maji, na kufikiri. Tutafundisha sala iliyo bora. Lakini tusimfundishe mtu kupita pale bila kusimama.

6. Utulivu uliotumiwa kwa uovu

Haifai tusifu maji matulivu kana kwamba kila walalao humo ni wema. Mwaka 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana mahali pale palipokuwa na soko. Lakini biashara haikufa siku moja. Ilihamia katika mahori. Vyombo vilipakia watu usiku kwenye mikoko, vikavuka kwenda Pemba, ambayo pwani yake ya magharibi imejaa vihori vya kujificha. Mnamo Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukagua chombo cha watumwa. Baadhi ya watu waliokombolewa vyomboni walipelekwa kukaa Freretown, karibu na Mombasa, mji uliowekwa na wamisionari mwaka 1875. Wako Wakristo leo ambao mababu zao walilala kwa minyororo katika hori tulivu.

Vivyo hivyo mwaka 1914, vita vilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika midomo ya mto Rufiji, kati ya mikoko na mafungu, ambamo manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata. Ilikaa humo miezi mingi mpaka ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Maficho yaliyoiokoa ndiyo yaliyokuwa gereza lake, kwa sababu mlango uliowazuia adui kuingia ulizuiwa na adui hao hao isipate kutoka. Wazee huuliza juu ya kila bandari maswali mawili: naingiaje, na nitatokaje?

7. Bandari Nzuri ya Krete

Sasa turudi katika Maandiko, kwa maana hapo ndipo aibu yangu ilipogeuka kuwa faida. Mlango wa 27 wa Matendo ya Mitume ni habari ya baharia, na wengi wetu huupita upesi tukikimbilia maneno ya Paulo. Usomeni mbele ya nahodha mzee, mtaona atakavyokaa sawa na kusikiliza.

Chombo kilifika Krete mahali paitwapo katika Biblia yetu Bandari Nzuri. Jina lake ni zuri. Lakini twaambiwa haikufaa kukaa wakati wa baridi, na wengi wakashauri waende Foinike, bandari nyingine ya kisiwa kile kile. Msomaji wa bara huona ajabu: bandari nzuri yakosaje kufaa? Mtu wa pwani haoni ajabu. Ilikuwa nzuri kwa upepo mmoja, na majira yalikuwa yamepita. Luka mwenyewe asema siku za kufunga zilikuwa zimekwisha pita. Paulo aliwaonya wasiondoke, wala hawakumsikiliza. Upepo mwororo wa kusini uliwadanganya, kama upepo wa maleleji uwadanganyavyo wengi, kisha tufani ikawashukia kutoka kisiwani.

Katika habari hiyo yote, maneno yetu ya bahari yapo mahali pake. Walipopita chini ya kisiwa kidogo cha Kauda walikuwa demani yake, na hapo tu ndipo walipopata nafasi ya kuipandisha mashua. Usiku wa 14 walitia bildi, wakapata pima 20, kisha pima 15, wakajua kwamba nchi iko karibu. Wakatia nanga nne, lakini si omo. Walizitia tezi, yaani nyuma. Kwa nini nyuma? Kwa sababu wangalitia mbele, chombo kingaligeuka kikaipa nchi mgongo. Wao walitaka omo ikae ikielekea pwani, tayari kukimbilia mchangani kutakapopambazuka. Kulipokucha waliona hori yenye ufuko, wakakata nanga. Chombo kilivunjika, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu.

Mwalimu aelezaye hayo kwa maneno ya pwani hana haja ya kuongeza ajabu yo yote. Wasikilizaji wake wataiona ile tufani.

8. Kazi iliyo mbele yetu

Wamisionari wa kwanza hawakuyadharau maneno ya bahari. Mwaka 1850 Krapf na Erhardt walisafiri kwa chombo cha wenyeji toka Mombasa kufuata pwani mpaka Rasi Delgado, na kamusi ya Krapf, iliyochapishwa 1882, ina maneno mengi ya mabaharia. Padre Sacleux aliyakusanya kwa bidii kubwa katika kamusi yake ya Kifaransa, ambayo sehemu ya kwanza ilitoka 1939, mwaka ule ule wa kamusi ya Johnson. Lakini hakuna kamusi iliyoyamaliza. Lamu wana yao, Mvita wana yao, Unguja na Kilwa vile vile.

Siku hizi vyombo vingi vina mashine, na vijana wengi huitazama ramani katika simu. Si vibaya, mashine imeokoa wengi. Ila mashine hufa na simu huzimika, na hapo huulizwa tena upepo uko wapi na mwezi ni wa ngapi. Mtoto aliyepoteza neno demani hakupoteza neno tu. Amepoteza jambo ambalo neno lile lilimkumbusha kulitazama, naye atavuka bahari ile ile na babu yake akiwa na macho machache kuliko yake.

Basi nawaomba walimu na makasisi walio karibu na bahari wachukue daftari, wawaendee wazee, na kwa kila mahali pa kutia nanga waulize: jina lake ni nini, na kwa nini? Hufaa kwa kusi, kwa kaskazi, au kwa yote mawili? Huingiwa maji yakiwaje? Chini yake ni mchanga, tope au tumbawe? Alama zake za barani ni zipi, na zipi zimebadilika? Maji ya kunywa yako wapi? Nani alizama hapo, na alikosea nini? Majibu yaandikwe kwa matamshi ya mahali pale, yasisahihishwe.

Nilirudi kwa yule mzee, lakini baada ya miaka mingi, nikakuta amekwisha fariki. Jibu nililompelekea sikuweza kumpa, nalo ni hili: bandari niliyoihubiri ni ya kusi, ni ya kaskazi, na ya tanga mbili pia, maji yake hayapwi, na mlango wake haufungwi usiku. Nadhani angalinielewa mara moja. Bali ningalikuwa nimelijua swali lake siku ile, angaliyasikia hayo kanisani, naye yu hai.